Damu ya Tatu

Usinipe patasi mkononi.
Iweke juu ya benchi, niiokote mwenyewe.
Chuma kikitoka kiganja kikaingia kiganja
hubeba ugomvi,
na mimi nawe tuna mlango wa kumaliza kabla ya Ijumaa.

Umecheka. Haya, cheka.
Mimi pia nilicheka, mwaka nilioingia Barabara ya Kumi na Mbili
na kaptula ya shule, na penseli sikioni,
penseli ambayo sikuwa na cha kupimia.

Fundi wetu alikuwa Sempeho, mtu wa Muheza,
ukucha wa gumba la kushoto mweusi kama mbegu ya papai.
Haukupona, maana kila ulipoanza kupona
nyundo ilikumbuka njia.
Ukijikata, hakutazama kidole kwanza. Alitazama patasi.
"Irudishe kwenye mti. Ikate tena, mara moja tu,
isilale na ladha yako."
Ndipo kahawa ya unga juu ya jeraha,
ndipo kipande cha kanga,
ndipo pole.

Sheria zake hazikuandikwa popote.
Msumeno haurukwi.
Randa hulazwa ubavu, kama mtoto mwenye homa
(hiyo, nilikuja kujua, ni kwa ajili ya makali,
lakini aliisema kwa sauti ileile).
Ubao uliobaki kwenye jeneza haufanywi kitanda,
wala stuli, wala kifuniko cha mtungi.
Na keekee ikizunguka usipige mluzi:
itafuata sauti.

Siku yangu ya pili kibanzi cha mvule
kilizama chini ya ukucha.
Akakichokonoa kwa sindano, akakiinua dirishani,
akakichungulia kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.
"Huyu amekuonja," akasema. "Sasa mnajuana."

Basi kuna siku, masika, umeme umerudi
baada ya kukatika tangu juzi, oda zimerundikana,
karakana inanuka gundi na msaji mbichi wa Longuza,
Shekue akajichana kiganja kwa mfuniko wa kopo la vanishi.
Kabla ya adhuhuri, Mbaruku: juba likateleza,
likampasua kidole cha shahada kama ganda la njugu.
Damu mbili. Siku moja.
Redio ikazimwa, sijui na nani.
Kila mtu alijua ipo ya tatu njiani,
kila mtu akahesabu vidole vyake bila kuvitazama.

Wa mashine nilikuwa mimi.
Msumeno wa duara, ule usio na kinga,
meno yakizunguka mpaka unaona hayapo.
Nikanyanyua ubao. Mikono ikacheza
kama chekeche la unga.

Sempeho akaja, misumari imembana midomo.
Akachomoa mmoja, wa inchi moja,
akajidunga ncha ya kidole cha kati,
akakiminya mpaka tone likachungulia,
dogo, jekundu, jicho la njiwa.
"Tatu. Hesabu imefungwa.
Kata mbao, kijana, wateja hawali hofu."

Sijui kama niliamini.
Najua nilipasua ubao mrefu kuliko kimo changu
na mstari haukupinda.

Alipolazwa Bombo, mara ya mwisho,
nilimshika ule mkono.
Ncha ya kidole cha kati ilikuwa na vitone,
vidogo, vingi, vikwaruzo kama msasa.
Nilianza kuvihesabu, nikaacha.
Kumbe tulikuwa wengi.

Sasa kaza hicho kitambaa, bado kinavuja.
Ndiyo, hapo.
Asubuhi Rehani, na mchana huu wewe;
na mwenzako ana mbao saba za kupasua kule nyuma,
nimemwona anavyoishika ile ya kwanza.

Patasi iache benchi.
Nipe msumari. Mdogo, huo.
Kisha kamwambie awashe mashine.