Moja kwa Nne

Tororo hupika saruji mchana na usiku.
Vumbi lake tunalikuta kwenye majani ya mihogo,
kwenye kope za watoto, kwenye shuka tulizoanua jana,
na bado ukuta wangu unamomonyoka
kama andazi la juzi.

Ulianzia chini, karibu na kitanda:
chumvi nyeupe, kama utando kwenye ulimi wa mgonjwa.
Halafu lipu ikavimba.
Halafu usiku mmoja kipande cha ukubwa wa sinia
kikaangukia sufuria ya maharage.
Nikala maharage, nikatema mchanga,
nikampigia Bwana Oketcho, mwenye nyumba, aliyeko Mbale.

"Nitatuma fundi," alisema mwezi wa pili.
"Fundi yuko njiani," mwezi wa nne.
Mwezi wa sita simu yake iliita
mpaka ikachoka yenyewe.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakuwa wapangaji.
Mpangaji akiziba ufa, kamjengea mtu.
Asipoziba, analala na changarawe shingoni.

Nikanunua saruji ya kupima, mikebe minane,
dukani kwa Nyafwono,
naye akanipimia kama anavyopima sukari,
akifuta kilele kwa kidole.

Nikagonga patasi.
Nyuma ya lipu, lipu nyingine.
Nyuma ya hiyo, gunzi la mahindi, gazeti lililokunjwa,
na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine:
Apolo 1992. Apolo 1993. Apolo 1994.
Kisha tofali tupu.
Walihama, nikajiambia.
Nikajiambia tena: walihama.

Pigo lililofuata, patasi ikatokea upande wa pili.
Mwanga. Jicho.
"Unachanganya vipi?" likauliza jicho.
Alikuwa Mzee Othieno, aliyeshona midomo ya magunia kiwandani
miaka ishirini na miwili;
yeye alishastaafu, kifua chake bado kiko zamu ya usiku.

"Moja kwa mbili," nikajibu, kwa majivuno.
"Moja kwa nne! Ukuta mzee
ukiuvika koti gumu, utalivua.
Na uunyweshe kwanza. Ukuta wenye kiu
hunyonya maji ya lipu kabla haijashika."

Nikaunywesha. Ukamaliza ndoo nzima
ukitoa sauti ndogo ndogo, kama ndama chini ya mama yake.

Mwiko wa fundi sikuwa nao,
nikachukua mwiko wa ugali.
Neno ni moja, na mkono ni ule ule.
Na kama ni mwiko kwa mwanamke
kusiliba nyumba isiyo yake,
basi miiko yote mitatu ilikutana kiganjani mwangu
na haikugombana.

Kwenye mistari ya Apolo nilisita.
Hiki si chumba cha makumbusho,
ni chumba cha shilingi elfu themanini, choo cha wote.
Nikaifunika, lakini polepole,
kutoka chini kwenda juu,
kwa mpangilio ule alioukulia.

Shimo la Mzee nililiacha la mwisho.
Akanipitishia ndimu mbili, za mkono uliochubuka.
Nikashika donge la lipu, nikangoja.
"Funga," akasema. "Pumzi yangu si ya kuishi nayo."

Lipu mpya hunyweshwa siku saba,
asubuhi kabla ya kazi, jioni kabla ya taa.
Siku ya tatu, ujumbe ukaingia kwenye simu:
*Nasikia chumba kimependeza.
Kuanzia mwezi ujao, laki moja. Oketcho.*

Niliusoma ndoo ikiwa mkononi.
Nikaweka ndoo chini. Nikaiinua.
Saruji haijui jina lililoandikwa kwenye hati;
inajua maji, na inajua kukosa maji.
Nikachovya kopo, nikanyunyiza
mpaka ukuta ukawa na rangi ya mvua.

Upande wa pili Mzee alikohoa,
mara hii kwa mbali kidogo,
kama mtu aliyehamia chumba cha ndani
katika nyumba yenye chumba kimoja.