Kishoka cha Mwaka Ule

Kilikuja kwa posta, ndani ya boksi,
kimepakwa rangi nyeusi kama sufuria ya dukani,
mpini umenyweshwa vanishi hadi unateleza
mithili ya kiganja cha mtu anayeomba kura.
Kwenye shavu la chuma, nambari, na jina la nchi.
Dola thelathini na mbili. Nakala, walisema.
Nakala ya nakala nyingine, nadhani.

Januari, Schoharie. Theluji imefika dirishani mwa gereji.
Nikakilaza kwenye karai la siki, siku mbili.
Lettie alifungua mlango, akaufunga:
"Garret, nyumba nzima inanuka achari!"
Siku ya tatu rangi ikabanduka kama ukoko wa wali,
na chini yake chuma cheupe, kitupu, chenye haya.

Nikakibana kwenye jiliwa.
Kisogo kilikuwa kinene, cha fundi paa wa leo.
Watu wa kale hawakuwa na chuma cha kutupa;
mimi ninacho, nikakitupa kwa tupa.
Kree, ikasema. Kree.
Unga wa kijivu ukajaa viatuni
na jina la nchi likaondoka herufi moja moja,
ya mwisho ikang'ang'ania
kama mtoto kwenye lango la shule, siku ya kwanza.

Mpini nao nikaukwangua kwa kigae cha chupa,
nikaupunguza tumbo, nikauchonga shingo,
nikaunywesha mafuta ya kitani, leo kidogo, kesho kidogo,
hata ukaacha kuteleza, ukajifunza kushikwa.
Kabari mpya, ya mti mgumu. Nyundo mbili. Basi.

Hapo ningeacha.

Sikuacha. Nilitaka miaka.
Nikakipaka chumvi, nikakining'iniza bafuni kwenye mvuke
hadi kutu ikachanua.
Nikachemsha maganda ya jozi, maji meusi tii,
nikaupaka mpini, nikausugua kwa jivu,
kisha nikakichapa kwa mnyororo wa tairi:
makovu ya vita nisivyopigana,
jasho la babu nisiyemjua.
Nikakitazama, nikajipongeza. Kizee changu!

Septemba, uwanjani kando ya mto, mahema ya kitani,
Wilhelmina Zeh anakagua. Muuguzi mstaafu,
kofia ya kamba kidevuni, miwani kaificha kwenye aproni.
Akakigeuza juani. Akakinusa.
"Kina umri gani?"
"Kama miaka mia mbili na—"
"Siulizi hivyo. Leo. Hapa kambini.
Leo ni mwaka wa sabini na saba. Mhunzi amekufulia lini?"
Nikameza mate.
"Majira ya kuchipua," nikasema.
"Basi mbona kimetoka kaburini?"
Akanirudishia, akaenda kukagua vifungo vya mtu mwingine.

Nilikaa na neno lile kama mwiba wa samaki kooni.
Kumbe hawakuwa wazee.
Walikuwa na miaka thelathini, jino bovu, deni la chumvi,
na vyuma vyao vilinuka makaa ya jana.
Vumbi la makumbusho ni letu. Sisi ndio tuliowapaka.

Usiku nikachota mchanga mtoni, nikatwaa kitambaa,
nikakaa karibu na moto, nikasugua.
Kutu niliyoilea wiki sita ikatoka kwa saa tatu.
Makovu ya mnyororo yalibaki, nikayaona aibu,
nikayafunika kwa kidole gumba.

Alfajiri nilipasua kuni za chai.
Gogo la mwaloni, zito, na ndani yake msumari,
wa nani, wa lini, sijui, mti ulikuwa umeumeza.
Ting!
Pengo kwenye makali, kama punje ya mchele.

Nikatukana, kwa maneno ambayo karne ile
haikuwa imeyafikia bado.
Lettie akacheka ndani ya hema.

Tupa ninayo mfukoni.
Maji yamechemka. Naipapasa tu, kupitia nguo,
siitoi.