Kubadhi la Kushoto

Kwanza nati za magurudumu, gari lingali chini:
zilegeze robo mzunguko, usizitoe.
Kisha mawe mbele, jeki nyuma,
na vipande viwili vya gogo la mnazi chini ya ekseli,
maana jeki haina undugu
na hii yetu hushuka polepole kama mtu anayesinzia.

Ndivyo nilivyomwambia Yeri, asubuhi, gereji ya Maweni,
chumvi ya hewani ikila bati juu yetu.
Akaninong'oneza, kana kwamba Morris itasikia:
"Hii, Dada Mwanaidi, tuifufue au tuizike?"

Ilikuwa ya Bi Zuhura mkunga.
Nusu ya mji ilipokewa na mikono iliyoshika usukani huu.
Mjukuu wake anataka itembee siku ya harusi yake,
amelipa nusu,
nusu ni maneno.

Kulia hakukuwa na neno.
Drami ikatoka, skrubu ikatoka,
shafti ikachomoka tumboni mwa difu,
ndefu, nyeusi, ikidondosha oili nzito.
Tukailaza juu ya gunia. Haya, kushoto.

Kushoto tulilala na deni.
Dizeli usiku kucha katika nyuzi za nati,
spana, na bomba la maji kuirefusha spana,
na mimi juu ya bomba, kilo themanini na chai yangu.
Nati kimya. Yeri akaleta tindo.
Hapo nikaona alama: tindo nyingine ilishapita hapa,
majeraha matatu madogo, yameelekea upande nisioutarajia,
nikamsikia Baba, marehemu Fundi Bwanaheri,
akisema huku kabana msumari kwa meno:
"Ya kushoto ina inda. Ukitaka ifunguke, ifunge."

Nikageuza bomba. Tukasukuma kama wanaokaza.
Ikalia mara moja, ikaachia.

Nyuma ya beringi, mahali pa oilsili ya mpira,
palikuwa na duara la ngozi
lililokatwa kwa kisu, kwa haraka, si duara hasa.
Nikalipangusa kwa petroli.
Uzi mwekundu. Nusu ya ua la nakshi.
Tundu lilipopita gidamu.

Kwetu kila mtoto anaijua kesi ya makubadhi.
Mama aliuza mahamri mwezi mzima wa Ramadhani,
akaagiza jozi ishonwe Lamu, Baba avae Idi.
Haikutimia wiki, Baba akarudi alfajiri
mguu mmoja umevaa, mmoja mtupu,
akasema msikitini siku hizi hakuna haya, wameniibia.
"La kushoto tu?" Mama akauliza.
"La kushoto tu."
Mwizi yule alilaaniwa kila Idi, miaka thelathini:
aote jipu, akose usingizi, mchanga wa moto umtafute unyayo.
Baba aliitikia amina.

Sasa napiga hesabu nikiwa nimechuchumaa.
Usiku, mwanamke fulani kule Ganda ameshikwa na uchungu,
oili inachuruzika hadi kwenye breki,
maduka yamefungwa, Bi Zuhura amesimama na mkoba wake,
na Baba anatazama huku na huku, kisha chini.
Sijui nani alizaliwa.
Atakuwa mtu mzima, ana watoto,
anadaiwa kiatu na hajui.

Nikaifunga ile ngozi kwenye gazeti, nikampelekea Mama.
Aliinusa. Akaingia chumbani, akakawia.
Akatoka na la kulia, limekauka, limejikunja,
akavipanga sakafuni, kiatu na duara,
akavitazama kama anayesoma hati ya mtu mwingine.
"Kumbe mwizi," akasema, "nilikuwa namtandikia kitanda."
Kisha akacheka, na kicheko kikakatika njiani.

Oilsili mpya ilikuja na basi kutoka Mombasa.
Mpira safi, imepimwa, ina namba.
Nimeitia, nimekaza nati kinyume, nimerudisha gurudumu.
Inavuja kidogo.