Kanuni ya Kumi na Tatu

Fomu imelala mezani, kati ya chumvi na bili ya umeme:
kurasa mbili, kanuni kumi na mbili,
mistari miwili ya saini. Mwanamichezo. Mzazi.
Nje, theluji ya Nebraska haijafunika mabua yote ya mahindi;
shamba linafanana na kidevu cha mtu aliyeacha kunyoa.

Bozena ameshasaini. Ana miaka kumi na sita,
ni mwanamieleka wa pauni mia na ishirini na tano,
na herufi zake zimesimama wima
kama asimamavyo yeye kabla ya filimbi.
Amenigeuzia karatasi, amenipa kalamu,
kisha akaenda kuosha vyombo, na leo si zamu yake.

Ya kwanza: mwanamichezo atafika mazoezini kwa wakati.
Hiyo yake.
Ya pili: hatajinyima chakula wala maji ili mizani imkubali.
Hiyo nayo yake,
ingawa Januari iliyopita ni mkono wangu
ulioondoa mkate kwenye sahani yake,
na mdomo wangu uliosema,
"Nusu pauni tu, mwanangu, jikaze."
Kalamu inatua hapo kidogo.

Ya tano: atampa mpinzani mkono, ashinde ashindwe.
Ya saba: mzazi hatamfokea refa.

Nilimwita kipofu.
Safu ya nne, mji mzima ukisikia, nikiwa na bisi mdomoni.
Kumbe kipofu wangu ni Duane Krumland,
anayetuletea barua mwaka wa kumi na tisa huu
na hajawahi kukosea nyumba.
Jumatatu alikuja kama kawaida.
Sanduku letu la barua lilikuwa limeganda,
akakanyaga theluji hadi mlangoni,
akaniwekea bahasha mkononi.
"Habari za asubuhi, Milo."
Laiti angenitukana.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo tusemavyo.
Changu kimoja, kilichonyooka kutoka safu ya nne,
kilitosha kumvunjia mtoto heshima.
Kwani Bozena, bega moja likiwa limeshabanwa mkekani,
aligeuka kunitazama mimi, si mpinzani.
Sekunde moja.
Katika sekunde hiyo akapigwa mwereka.
Video ipo. Huitazama usiku, sauti nimeizima,
na hata bila sauti najisikia.

Ya tisa: kocha ni mmoja, na hakai jukwaani.
Ya kumi: saa ishirini na nne zipite
kabla mzazi hajampigia kocha simu kulalamika.
(Kocha Hruska alinionyesha simu yake, bila neno:
mara kumi na moja, na hatukuwa tumefika nyumbani.)
Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma;
miaka yote nimeupeleka mbele tu,
kwa mtoto, kwa refa, kwa kocha,
bila kuuliza unarudi kwa nani.

Ya kumi na mbili inahusu kuokota takataka.
Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko ninaoujua
tangu ulipokuwa mistari mipotovu ukutani:

*13. Tukiwa ndani ya gari, usiniambie nilikosea wapi.
Niulize kama nina njaa.*

Maili arobaini kutoka ukumbi wa shule hadi hapa.
Nimezijaza zote, kila msimu, kwa miguu yake,
viwiko vyake, shingo yake aliyoiinua mapema.
Nilidhani amelala, kichwa kwenye kioo.

Ninasaini. Jina langu linapinda mwishoni
kama la mtoto wa chekechea.
Maji yanatiririka kwenye sinki
kwa muda mrefu kuliko vyombo tulivyochafua.

"Bozena," nasema. "Una njaa?"

Hageuki.
"Tumekula sasa hivi, baba."

"Najua.
Nafanya mazoezi."