Ondoa Sifuri

"Kuzurura," alisema Subilaga, "ndiyo huduma yenyewe, shangazi."
Nikacheka hadi chai ikanipalia.
Miaka hamsini na minne hapa Tukuyu
kuzurura kulikuwa kosa la fimbo ya mpera;
leo naambiwa nibonyeze nyota, namba, reli,
niombe ruhusa ya kuzurura,
na nilipie.

Ushirika umenichagua mimi, katibu,
niende Uholanzi nikaone
maparachichi yetu yanavyopokelewa bandarini,
kwa nini yanaondoka huku mawe
yanafika kule uji.
Siku tisa. Kuna baridi, wamesema,
wanamwambia mtu wa Rungwe.

Mvua iko juu ya bati, haina haraka.
Mezani simu, miwani, sahani ya magimbi,
na kidude cheupe alichokitoa Mwanjelwa:
soketi za wenzetu zina matundu mawili tu, ya mviringo;
chaja yangu ya miguu mitatu
itaazima viatu.

Tukafuta picha ili simu ipumue.
Maua ya "asubuhi njema" ya kundi la kwaya, mia mbili na kitu.
Harusi ya mtu nisiyemkumbuka.
Mche niliobebesha mwenyewe, siku ulipochipua:
huo usiguse.
"Na data uzime mpaka ufike hotelini,
la sivyo zitakula salio
kama mbuzi aliyekatika kamba."

Kisha tukafika kwenye majina.
"Namba zako zote zinaanza na sifuri.
Ukishatoka nje, sifuri haimjui mtu.
Iondoe. Weka jumlisha, mbili, tano, tano."

Ambakisye Mbolea. Sifuri nje, nchi ndani.
Anyelwisye Bomba.
Bosi wa Mizani.
Gwamaka Deni
(Subilaga akanitazama; mimi nikatazama mvua).
Katekista. Kikoba Jumanne. Kikoba Ijumaa.
Nikajiona afisa uhamiaji,
nawagongea mihuri watu
ambao wengine hawajavuka hata daraja la Kiwira,
na hawana habari
kwamba jioni hii, kwenye kiganja changu,
wamekuwa wa nje.

Umeme ukakatika kwenye L.
Tukaendelea kwa mwanga wa simu yenyewe,
nyuso mbili juu ya kioo kimoja.

Mama.

Subilaga akainua kidole, hakukishusha.
Huu mwaka wa sita
bibi yake amelala nyuma ya jiko, kwenye migomba,
hatua arobaini kutoka kiti hiki.
Sikumwambia kwamba nimewahi kuipiga,
usiku mmoja wa mwezi wa saba,
ikaita,
akapokea kijana, nyuma yake kelele za gereji,
akasema shikamoo, akasema mama, umekosea namba.
Akaniita mama.
Nikasema marahaba, nikakata.

"Huyu nimwekee?" akauliza.

Msimbo wa nchi ni wa kumtafuta aliye mbali.
Mimi ndiye ninayekwenda mbali.
Yeye hajatoka. Hana pasi, hana sanduku,
hajawahi kuzurura maisha yake yote,
na njia ya sokoni ilikuwa hiyo moja,
mkungu kichwani, na chini ya mkungu
ngata ya majani makavu ya mgomba
aliyoisokota mwenyewe kila alfajiri.

"Huyo mwache na sifuri yake," nikasema.
Akaiacha. Nikaitazama kidogo,
duara tupu, la kubebea mzigo.

Halafu Mchungaji. Mwalimu wa Hesabu.
Nsajigwa Kinyozi, namba mbili, ya pili haipatikani,
lakini tukaiwekea nchi nayo,
huwezi kujua.

Chaji ilikuwa imebaki asilimia kumi na moja
na hatujafika S.
"Shangazi," akasema, "na mimi je?
Mimi umeniandikaje humu?"