Kamba ya Kiatu

Udongo niliutoa Kinoo, penye msingi wa ghorofa jipya,
nikauchekecha kwa soksi ndefu ya dada
hadi ukawa vumbi la kumfaa mtu wa sentimita tano.
Majani chini ya mti ni majani ya chai ya jana.
Kutu ya lori: chumvi, rangi ya kahawia, na subira.
Kila kitu kimegawanywa kwa thelathini na tano
isipokuwa gundi, inayonuka kwa ukubwa wake kamili
nyumba nzima, hapa Umoja.

Askari sita. Lori limekwama.
Nilidhani nimemaliza.

Lokwawi, bawabu wetu, alipanda kuleta bili ya maji.
Akainama. Hakugusa.
"Tope lilifika hapa," akasema, akionyesha ekseli.
Kisha kimya. Kisha ukucha wake
ukasimama juu ya yule wa tatu:
"Huyu, kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka.
Tulimcheka."

Sikuuliza ni wapi, wala mwaka gani.
Usiku stima ikapotea; nikawasha tochi ya simu,
nikachukua brashi yenye unywele mmoja
na, nikizuia pumzi,
nikaifungua.