Mkono wa Sweta

Wanaosema Mwanza haina baridi
hulala hadi jua lipande juu ya mawe.
Hawajashuka mteremko wa kuingia Mabatini
saa kumi na moja kasorobo, mwezi wa saba,
madumu mawili ya maziwa nyuma
na breki moja, ya mbele.

Upepo ule hautoki ziwani.
Ziwa bado limelala, limejifunika ukungu wake.
Upepo ni wangu mwenyewe, nauzaa kwa miguu:
nikikanyaga unanichapa,
nikipunguza unapungua.
Nao unajua pa kuingilia.
Hauhangaiki na kifua,
kifua nimekipangia gazeti chini ya shati.
Unatafuta pale chini ya kidevu,
unatia vidole viwili vya chuma
kama tabibu wa zahanati anayekwambia sema aaa.

Nimejaribu mengi.
Taulo lilifunguka Igoma, likaingia kwenye spoku,
nikamwaga lita tatu na ngozi ya magoti yote mawili.
Kanga ya Minza ilikuwa na joto, na harufu yake,
ila wapiga soga wa Buzuruga
walinisomea shingo kwa sauti siku nne mfululizo:
NIMETULIA KWANGU MSINICHOKOZE.
Ndevu ningefuga, lakini za ukoo wetu
huota tatu, nazo hazisalimiani.

Ndipo Minza akachukua mkasi.
Sweta la shule la mdogo wangu, Malale, la kijani,
aliloliacha kwenye msumari akaenda machimboni
akisema wiki mbili.
Msumari umelishika miaka mitatu.
Akakata mkono mmoja kwapani,
akapindia uzi usifumuke,
akanivika kichwani kama anamvika mtoto.
Ukagoma masikioni, ukapita, ukakaa.
Juu unafika puani, chini unaingia kwenye kola.
Hauna fundo, hauna ncha, hauna maandishi.

Sasa nazijua tabia zake.
Kupanda, uushushe, la sivyo utakunywa jasho lako.
Kushuka, uupandishe hadi chini ya macho.
Pumzi ikilowesha sufu mbele, zungusha, tumia upande mkavu.
Na visubi vya ziwani vikifumka kama moshi kule Kirumba
hugonga sufu badala ya meno.

Jumanne sungusungu walinisimamisha. Tochi usoni.
"Mtu mwema gani anaficha sura usiku?"
Fimbo ya kwanza ilishapanda juu.
Nikashusha. Midomo ilikuwa na ganzi,
jina langu likatoka vipande vipande:
Lu, Lushi, Lushinge, wa maziwa.
Wakafungua dumu, wakanusa.
Mmoja, mrefu, wanamwita Bundala,
akanishika shingoni, akageuza lile pindo,
akalikwangua kwa kucha.
"Hili la Malale. Tulikaa dawati moja.
Hili doa ni la kalamu yangu."

Hakuna aliyesema kitu. Mbwa alipita.
"Na mkono wa pili?"
Nikamwambia: Minza amefunga ncha yake,
ni kofia ya mtoto,
yule ambaye Malale hajamwona.
"Akirudi atadai sweta lake."
"Tutampa kizibao."

Wenzake wakacheka, mvuke ukawatoka midomoni.
Bundala hakucheka. Aliweka fimbo chini,
akanipandishia ule mkono yeye mwenyewe,
kwa mikono yake miwili, polepole,
hadi chini ya macho,
kisha akapiga dumu kofi
kama mtu anayemruhusu ng'ombe kwenda:
haya, yatachacha.

Mabatini. Mteremko.
Breki moja.